Kufuatilia historia ya nyumba iliyobomolewa Lindi mjini

Wadau, nyumba ya mawe na chokaa, inayosemekana ni ya enzi za Mjerumani, imebomolewa hapa Lindi. Imebaki ngazi ya baraza tu. Wamiliki wake nitawapataje?

— Mkuu, usihangaike na namba ya nyumba, hiyo hubadilika. Shika namba ya kiwanja na kitalu. Idara ya ardhi ya manispaa waoneshe kwenye ramani ngazi ilipo, kisha omba upekuzi (kukaguliwa kumbukumbu za umiliki wa kiwanja) kwa Msajili wa Hati. Kiwanja kikishagawanywa hupewa namba mpya na jalada jipya, la zamani husahaulika. Ulizia hati iliyofutwa; ndiyo yenye majina unayoyataka.

— Ilikuwa na wapangaji? Majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalitaifishwa 1971 chini ya Msajili wa Majumba. Basi pita pia Shirika la Nyumba la Taifa, lililorithi majengo ya Msajili huyo.

— Majalada ya Mjerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Tafuta msomaji wa mwandiko wa kale, Kijerumani cha shuleni hakitoshi. Na mkoa wa Lindi ulianzishwa 1971: kabla ya hapo angalia Mtwara, na enzi za Mwingereza, Jimbo la Kusini. Ukiandika "Lindi" peke yake utaambiwa hakuna kitu, kumbe kipo.