Viungo vya jikoni au vidonge: maumivu yatulizwe na nini?

Mchi na Kinu: Wakuu, karafuu ipo kwa jino, tangawizi kwa maumivu ya hedhi, manjano kwa magoti. Watu wanakimbilia vidonge kwa uvivu tu wa kutwanga na kuchemsha.

Subira: Uvivu? Mama yangu ana baridi yabisi, vidole vimepinda, hata kifuniko cha chupa kinamshinda. Huo mchi ataushikaje? Futa hilo neno kwanza.

Mchi na Kinu: Dada, sikumsema mama. Nasema sisi wenye mikono mizima.

Mdadisi: Karafuu sibishi. Ina eugenoli, kemikali inayotia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Ila mafuta yake yasipozimuliwa yanaunguza fizi, na mtoto akiyanywa anaweza kuharibika ini. Tena ni ganzi tu, jino bovu linaendelea kuoza.

Subira: Neno bado halijafutwa.

Kijiko: Kwenye manjano mnazidisha. Kukumini, kile kiini chake kinachosifiwa kutuliza maumivu, ni kama asilimia 3 hivi, na mwili hauifyonzi vizuri. Majaribio mengi ya magoti yaliyoonyesha nafuu yalitumia dondoo iliyokolezwa, si unga wa kwenye mchuzi.

Mchi na Kinu: Tia pilipili manga! Kuna utafiti wa 1998, piperini, kiini cha ukali wake, iliongeza ufyonzaji wa kukumini kwa asilimia 2,000. Limeisha hilo.

Subira: Halijaisha. Mama anameza warfarini, damu isigande. Alisikia maneno kama haya yako, akajiona mzembe, akaanza kunywa manjano kila asubuhi bila kutuambia. Tukaja kuona mswaki una damu. Daktari akayapiga marufuku siku hiyohiyo. Ndiyo maana neno lako limenichoma.

Mdadisi: Hapo niko na Subira. Anayemeza dawa ya damu asiguse manjano mengi kabla ya kumuuliza daktari.

Mchi na Kinu: Pole kwa mama. Lakini mnaongelea wagonjwa wa warfarini, mimi naongelea watu wazima wa afya.

Kijiko: Mtu wa afya anatuliza maumivu gani?

Ua la Asubuhi: Jamani, tangawizi mmeiruka! Mimi ndiyo iliyonileta hapa.

Mdadisi: Hiyo ina ushahidi kiasi, dada. Majaribio kadhaa madogo yaliona unga wake unapunguza maumivu ya hedhi karibu sawa na vidonge vya maumivu vya ibuprofeni, ukianza siku za mwanzo. Vidonda vya tumbo unavyo?

Subira: Muulize na kama ni mvivu.