Kikundi cha Langoni, Lamu: Askari Wanaotoka na Wanaoingia

Athman: Assalamu aleikum. Nimeona imeandikwa hapa kwamba Rais akitaka hupeleka jeshi nje. Sivyo. Kifungu cha 240(8)(a) cha Katiba: Baraza la Usalama wa Taifa ndilo hupeleka, tena kwa idhini ya Bunge.

Bi Zuhura: Waleikum salaam. Mbona Oktoba 2011 jeshi liliingia Somalia na kura ya Bunge ikaja Desemba?

Athman: Hapo ndipo penye kasoro, Bi Zuhura. Serikali ilishika kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, haki ya kujilinda, baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda. Kura ya Desemba ilihusu kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia. Askari wakishavuka mpaka, mbunge akisema hapana ataambiwa amewatupa vijana.

Ami Shee: Na Haiti pia, walikopelekwa polisi wetu. Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema Baraza hilo lina uwezo juu ya jeshi, si polisi. Polisi wana sheria yao, inayotaka mapatano na nchi wanakokwenda. Mapatano yakatiwa saini 1 Machi, na mwezi wa Juni polisi wa kwanza wakatua Port-au-Prince.

Bi Zuhura: Na hawa wanaokuja kwetu? Kambi ya Manda Bay je, waliko askari wa Marekani?

Athman: Soma 240(8)(b). Majeshi ya kigeni kuingia Kenya huidhinishwa na Baraza. Maneno “kwa idhini ya Bunge” yako kwenye (a) peke yake! Na hatari iko hapa ng'ambo ya maji: 5 Januari 2020 Al-Shabaab walivamia kambi ile, Wamarekani 3 wakauawa. Kwao, sheria ya 1973 inamtaka rais aliarifu Bunge lao ndani ya saa 48 akipeleka askari wenye silaha za vita nchi ya kigeni.

Ami Shee: Tuwe waadilifu, Athman. Sheria ya Mikataba ya 2012 hupeleka mikataba ya usalama Bungeni. Ila wabunge hupitisha mkataba; kikosi gani kinakuja, wangapi, hawapigii kura.

Mwanaisha: Basi Katiba ibadilishwe, ami.

Ami Shee: Kwa njia ya wananchi, kifungu cha 257, saini milioni 1 kabla ya lolote, mwanangu. Tuanze na ombi kwa Bunge, kifungu cha 119. Baraza tayari hutoa ripoti Bungeni kila mwaka, 240(7). Tuombe ripoti itaje askari wa kigeni: idadi, kazi, muda.

Mwanaisha: Linaandikwaje?

Ami Shee: Kiswahili kinakubaliwa, hata kwa mkono. Lugha ya heshima. Kusiwe na kufutafuta wala maneno kupachikwa juu ya mstari; ukikosea, andika ukurasa upya. Zikizidi karatasi moja, kila karatasi itaje jambo lenyewe, la sivyo saini zitaonekana za karatasi nyingine. Eleza ni ofisi gani tuliiendea kwanza na ilijibu nini, na kama kuna kesi mahakamani. Mwisho, ombi lenyewe kwa maneno ya wazi. Kulalamika kurasa tatu bila kusema Bunge lifanye nini ni kazi bure.

Bi Zuhura: Hiyo ofisi ya kwanza hatujaiendea. Barua itangulie, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ami Shee: Naam. Kisha majina, anwani, namba za vitambulisho na saini. Asiyeandika atie dole gumba.

Athman: Namba za vitambulisho msizitume humu kikundini. Zijazwe kwenye karatasi yenyewe.