Dobi kaniambia jezi hazinuki, ninayenuka ni mimi

Wakubwa, salamu. Nina hasira tangu Jumamosi. Wacha niitoe hapa, maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Mimi ndiye mtunza jezi wa timu yetu ya mtaani hapa Himbi, Goma. Ni timu ya Jumapili, nusu yetu tuna vitambi, mfadhili hatuna. Tulichanga wenyewe tukanunua jezi 14, zile za poliesta nyepesi zinazoteleza mkononi. Muuzaji aliapa kwamba kitambaa chake kinapitisha hewa na harufu hakishiki kamwe. Miezi mitatu tu, jamani! Fungua ule mfuko chumbani, beberu mwenyewe atakuomba umfungulie dirisha.

Si kwamba hatufui. Mama watoto amezisugua kwa sabuni ya kipande na maji ya ziwa, bidoni tatu kila mara, mpaka vidole vimechubuka. Zikianikwa juu ya mawe ya volkano huko nyuma ya nyumba, zikikauka, unanusa husikii kitu. Jumapili unavaa, unakimbia dakika kumi, kwapa linapata joto, na harufu ya wiki zote zilizopita inaamka pamoja na jamaa zake.

Basi nikazipeleka presingi, yaani kwa dobi. Jina silitaji. Franga 2,000 kila jezi, jumla 28,000, pesa ya timu. Nilimwonyesha makwapa moja moja, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Jumamosi naenda kuzichukua, zimekunjwa vizuri kama mashuka ya hoteli, zinanukia maua. Nikashuku. Nikamwomba atandaze kitambaa kibichi juu ya kwapa la jezi namba 6 apitishe pasi kidogo. Mvuke ulipopanda, kijana wake aliyekuwa anakula andazi pale kwenye benchi aliacha kutafuna. Nimemwona kwa macho yangu. Na mwenye presingi akasemaje? "Papa, jezi ni safi. Kuna watu jasho lao ni kali tu. Muoge kwanza." Mbele ya wateja! Mama mmoja mwenye vitenge vyake akasogea pembeni, akaniacha peke yangu.

Sasa nisikilizeni. Jasho likitoka mwilini karibu halina harufu. Harufu inatengenezwa na bakteria wanaokula yale mafuta na uchafu mdogo wa ngozi. Pamba inakunywa maji, kwa hiyo ukifua, maji yanaingia ndani yakatoka na uchafu. Poliesta inakataa maji lakini inapenda mafuta, inayashika kama sufuria ya maandazi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha jaribio lao: watu 26 walifanya mazoezi makali ya baiskeli wakiwa na fulana, kisha fulana zikanuswa siku ya pili. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na kuna bakteria, Micrococcus, waliokuwa wamestawi zaidi kwenye poliesta. Kwa hiyo mwambieni yule bwana kwamba ninaoga.

Nilivyofika nyumbani nikadondosha tone la maji kwenye kwapa la ile namba 6. Tone likakaa juu, duara, kama tone kwenye jani la mgomba. Nikadondosha mgongoni, likazama. Yaani pale kwapani pana utando, na sehemu yake naamini ni dawa ya kulainisha nguo aliyoiweka yeye ili zinukie. Dawa ile inapaka nyuzi, inafungia uchafu ndani.

Na sisi wa Goma tuna letu. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, kila mtu hapa anajua sabuni inavyogoma kutoa povu ukilinganisha na maji ya mvua. Sabuni ya kipande ikikutana na madini yale inaganda, inakuwa ule ukoko wa kijivu unaobaki kwenye beseni. Unabaki kwenye beseni tu? Unabaki kwenye jezi pia! Miezi mitatu tulikuwa tunaosha huku tunapaka. Mama watoto nilipomweleza aliniangalia tu, akaenda kulala.

Usiku uleule nikachukua namba 6 peke yake. Nikaigeuza ndani nje, nikailoweka kwenye siki, ile vinegre nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji baridi ya mvua, nusu saa. Nikaisuuza. Nikaifua kwa sabuni ya unga, si ya kipande, nikisugua makwapa taratibu kwa vidole, nikasuuza mara tatu na kuitundika penye upepo. Asubuhi tone la maji lilizama.

Jumapili tukacheza. Jezi 13 za presingi na moja ya kwangu. Kabla ya mapumziko maua yalikuwa yameshakufa, mabeki wamerudi kuwa mabeki. Namba 6, ambaye ndiye anayekimbia kuliko wote, nilimnusa baada ya mechi (ndiyo, nilimnusa, watu walicheka): jasho la siku ile tu. La wiki zilizopita halikuwepo.

Na tafadhali asije mtu hapa na javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Nilishajaribu kwenye bukta yangu ya mazoezi, mpira wa kiunoni ukalegea, sasa nakimbia huku nimeishika. Halafu msithubutu kuchanganya javeli na vinegre, inatoka gesi ya klorini, ni sumu kwenye mapafu. Maji ya moto sana pia hapana, namba zitabanduka.

Leo nimerudi presingi na jezi mbili mkononi, namba 6 na namba 9, nikamwambia anuse mwenyewe. Akanusa. Akanyamaza. Nikasema sawa, nirudishie franga 28,000 za timu. Akasema kurudisha hawezi, ila atazifua tena zile 13 kwa njia yangu, mradi vinegre nilete mimi, maji ya mvua nilete mimi, na nilipe nusu bei.

Yaani vinegre yangu, maji yangu, akili yangu, na pesa yangu juu. Yeye analeta nini, beseni?

Kuna mtu hapa Goma anayejua presingi isiyopulizia manukato? Ndiyo jibu pekee ninalotaka. Mambo ya kuoga nimeshasikia.