Re: OH wamenifungia CL3 kwa sababu ya Mantoux

Kutoka: Mgeni wa Maabara

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimeanza PhD mwezi wa 10 hapa Uingereza, kinga ya seli T dhidi ya TB, maana yake bila CL3 (maabara ya vijidudu hatari, ngazi ya 3 ya usalama) mimi ni mtazamaji tu. Juzi OH (kitengo cha afya kazini) ya chuo wamenichoma Mantoux, kipimo cha TB cha kwenye ngozi, mkono ukavimba milimita 13. Kikomo hapa ni 5, basi wakaandika "asiingie" na kunitupa kwenye foleni ya kliniki ya kifua. Nikawaambia nilichanjwa BCG, chanjo ya TB, nilipozaliwa. Nesi akaomba uthibitisho. Nikamwonyesha kovu. Akasema kovu si hati.

X-ray ya visa wameikataa, eti ina miezi 4.

Swali: nani hapa alishawahi kuwaandikia OH wake akaomba apimwe IGRA (kipimo cha TB cha damu) badala ya kungoja kliniki? Barua ilisemaje, na alisaini nani, wewe au msimamizi?

Kutoka: Kaka wa Mwaka wa Nne

Pole sana mdogo wangu. Mimi mkwamo wangu ulikuwa wa chanjo ya homa ya ini B. Antibodi zilikuwa chini ya 100, wakanirudisha mwanzo, sindano tatu upya. Miezi minane sijagusa damu ya mtu, nachambua data za wenzangu huku wao wanapata majina kwenye makala. Angalia na ATAS yako, kile kibali cha serikali cha wageni kusomea fani nyeti. Ukikaa nje ya maabara muda mrefu inakufa, unaanza visa upya.

Kutoka: Bi Pipeti

Kaka, usimpandishe mtoto wa watu presha. ATAS ilishafanya kazi yake siku alipoomba visa. Unaomba mpya ukibadilisha utafiti, au tarehe ya kumaliza ikisogea zaidi ya miezi 3. Na hiyo ya homa ya ini: chini ya 10 ndiyo unaanza upya, kati ya 10 na 100 ni sindano moja ya kuongezea. Kwa hiyo ama ulikuwa chini ya 10 na hutaki kusema, ama walikuonea.

Mgeni, hoja yako kwenye karatasi ni nzuri. IGRA inatumia ESAT-6 na CFP-10, protini za bakteria wa TB; jeni zake ziko kwenye RD1, kipande cha DNA yake, na BCG ilishaidondosha RD1 njiani wakati watengenezaji wake, Calmette na Guérin, wanaiotesha upya mara 230 kwa miaka 13. Tuberkulini ya Mantoux ni mchanganyiko wa protini ambazo nyingi BCG nayo inazo, kwa hiyo mkono unaweza kuvimba kwa chanjo tu. Lakini nikwambie usilotaka kusikia: BCG ya uchangani, ikishapita miaka kumi, mara nyingi haivimbishi hivyo. 13 ni kubwa, huenda una TB iliyolala. Tumekulia kwenye TB sisi. IGRA ikitoka chanya na kifua kikiwa safi, utapewa rifampisini na isoniazidi miezi 3. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango waambie mapema, rifampisini inavidhoofisha.

Kutoka: Baba wa Wawili

Samahani kwa kudandia. Mimi niko MSc ya darasani, fani hiyo hiyo, ATAS sikuombwa. Familia imebaki nyumbani kwa ile sheria ya tarehe 1 Januari 2024 ya kutuzuia sisi wa darasani kuleta familia. Nikihamia masters ya utafiti naweza kuwaleta?

Kutoka: Bi Pipeti

Fungua uzi wako, Baba.

Kutoka: Mzee wa Jamvi

Mgeni, kovu lenyewe liko wapi, bega la kulia au kigasha cha kushoto? Tujue wewe ni Mtanzania au Mkenya kabla hatujakutetea. (Natania.)

Linaloniuma mimi ni jingine. RTS,S, chanjo ya malaria, imejaribiwa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya, Kombewa. Watoto wetu, damu yetu. WHO wakaipitisha 2021. Leo kijana akitaka kuisoma damu ile ile analipa IHS (ada ya afya ya wenye visa) pauni 776 kwa mwaka, halafu anaambiwa mkono wake umevimba. Ilikuwaje tukakubali?

Kutoka: Kaka wa Mwaka wa Nne

Mzee, Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome tangu 1989, friza zipo, PhD zinatolewa. Tatizo ni ukimaliza. Mkataba wa miaka miwili, ruzuku ikiisha na wewe umeisha. Ningekuwa na uhakika wa kazi ningerudi kesho. Mama ananiuliza kila Jumapili, na kila Jumapili namdanganya.

Na Bi Pipeti, ilikuwa 8. Umefurahi?

Kutoka: Bi Pipeti

Pole, Kaka. Kwa kweli.

Kutoka: Mgeni wa Maabara

Ahsanteni nyote. Bega la kulia, Mzee.

OH wamejibu leo: hata ombi la kliniki halijaenda, fomu ilikosa sahihi ya msimamizi. Msimamizi yuko safarini na barua pepe yake inajibu yenyewe. Hiyo ya 13 imeninyima usingizi, sikatai. Wiki iliyopita tu nilikuwa nawafundisha watu wa mwaka wa kwanza maambukizi ya TB yaliyolala. Lakini swali langu bado: barua. Nani ana nakala ya barua?

Kutoka: Baba wa Wawili

Wakuu, nimefungua uzi wangu, hakuna aliyejibu. Na kama kuna anayejua, mtu wa PhD aliyebaki kuandika tasnifu tu bado anasamehewa council tax (kodi ya nyumba ya halmashauri)? Namuulizia jirani.