Moheri: kufuga mbuzi, kuuza manyoya mnadani au kusokota uzi?

Njia_Panda
Wakuu, salaam. Nina akiba nataka kuiingiza kwenye moheri, lakini nimekwama. Nifuge mbuzi wa Angora mwenyewe? Ninunue manyoya kwa wafugaji, niyapange madaraja na kuyapeleka mnadani? Au nichukue yaliyokwisha kuoshwa na kuchanwa, nisokote uzi wa kufumia masweta? Mtaji wangu si wa kutisha. Naomba majibu ya walioishika kazi hii.

Zizi_la_Mawe
Kwanza tuelewane: moheri ndiyo manyoya ya mbuzi wa Angora. Kile kinachouzwa kwa jina la "angora" ni manyoya ya sungura. Nimeshaona mtu akipiga hesabu ya zizi zima kwa bei ya sungura.

Sasa ufugaji. Mbuzi hawa hunyolewa mara 2 kwa mwaka, na mmoja mkubwa hutoa kilo 4 au 5 hivi kwa mwaka. Mbuzi wa kashmiri hutoa gramu mia na ushei tu za ile sufu laini ya ndani, kwa hiyo ukilinganisha uzito utatokwa na mate. Subiri kidogo. Mwili wa mbuzi wa Angora hutanguliza manyoya kuliko kila kitu. Jike akikosa lishe nzuri anatupa mimba huku manyoya yanaendelea kuota! Na wiki chache baada ya kunyolewa, usiku mmoja wa mvua, baridi na upepo unaweza kukuulia kundi zima. Ndiyo maana wamestawi sehemu kavu kama Karoo kule Afrika Kusini na Texas kule Marekani. Bila banda la kuwahifadhi baada ya kunyoa, usianze.

Kipimo_cha_Unyoya
Nimekaa miaka kwenye meza ya kupanga madaraja, basi nijibu hiyo ya pili. Wageni hudhani mnadani zinauzwa kilo. Kinachouzwa ni wembamba. Manyoya ya kwanza kunyolewa kwa mtoto wa mbuzi yako chini ya maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hayo ndiyo ya sweta na shali. Mbuzi akizeeka unyoya unanenepa mpaka unapita maikroni 35, hapo unaingia kwenye mazulia na vitambaa vya viti. Mbuzi ni yuleyule, bei si ileile.

Ukichanganya madaraja kwenye robota moja, utalipwa kama lote ni hafifu. Kuna nywele ngumu nyeupe kama chaki ambazo hazishiki rangi, zikizidi mnunuzi anapita. Na jambo dogo linaloumiza wengi: usiweke manyoya kwenye viroba vya plastiki. Nyuzi za kiroba zinaingia humo, hazipakiki rangi, na zinaonekana kitambaa kikishafumwa. Hasara inarudi kwako.

Soko lenyewe ni jembamba. Karibu nusu ya moheri ya dunia inatoka Afrika Kusini, minada iko Gqeberha, na Lesotho inafuata. Wanunuzi wakubwa ni wa kuhesabu kwa vidole.

Hesabu_Kavu
Mnasahau kwamba biashara hii inaweza kupinduliwa na karatasi moja. Marekani ilikuwa ikiwalipa ruzuku wafugaji kwa sheria ya mwaka 1954. Bunge likaifuta 1993, malipo yakakoma miaka miwili baadaye, na mifugo ya Texas ikaporomoka. Lesotho nako, kanuni za 2018 ziliwabana wafugaji wauzie ndani ya nchi badala ya kupeleka mzigo minada ya Afrika Kusini. Malipo yakachelewa, na 2019 wakaandamana Maseru.

Mwaka huohuo wa 2018 video za PETA, watetezi wa wanyama, kutoka mashamba ya Afrika Kusini zilifanya maduka ya nguo ya H&M, Zara na Gap watangaze kuachana na moheri. Hapo ndipo ilipotoka Responsible Mohair Standard ya 2020, cheti cha mashamba yanayotunza mbuzi vizuri. Kwa hiyo chochote utakachochagua, uliza cheti kabla ya bei.

Mama_Sindano
Mwanangu, mimi nasokota. Moheri inang'aa na inapokea rangi vizuri mno, lakini inateleza kwa sababu magamba yake ni laini, wala haina mnyumbuko wa sufu ya kondoo wa merino. Sweta la moheri tupu linalegea na kuning'inia. Ichanganye na sufu, au iviringishwe kwenye uzi mwembamba wa hariri au nailoni. Kilo moja ya manyoya ya mtoto wa mbuzi inakupa uzi mrefu ajabu, na humlishi mnyama. Tatizo ni kuuza: mitindo inabadilika, leo kila mtu anataka uzi wenye manyoyamanyoya, kesho hakuna anayeuliza.

Zizi_la_Mawe
Mama kasema kweli, ila uzi nao unategemea mtu wa zizi. Ukame ukipiga Karoo, utalipia huko huko kwenye uzi.

Hesabu_Kavu
Atalipia, lakini hatazika mbuzi.

Njia_Panda
Nimeelewa. Kufuga naweka kando, mnada sina jicho la madaraja. Naanza na kilo chache za manyoya yaliyochanwa. Mama, kwa sweta nichanganye kiasi gani cha sufu?

Mama_Sindano
Anza nusu kwa nusu. Fuma kipande cha kiganja, kioshe, kitundike siku mbili. Kikirefuka, ongeza sufu.