Mzee kaambiwa ana uvimbe kwenye pafu, tuanzie wapi?

Habari za muda huu wakuu. Baba yangu mdogo yuko Shinyanga, kakohoa muda mrefu, makohozi yakapimwa mdudu haonekani ila wakampa dozi ya TB akameza mpaka ikaisha na kikohozi kiko palepale, sasa anakonda na anatema damu. CT scan imeonyesha uvimbe pafu la kulia, daktari kaandika inashukiwa saratani. Ndugu washaanza kuchanga nauli ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, shangazi naye ana mganga wake. Naombeni mwongozo.

Mkwaju: Pole mkuu. Dar msikurupuke. CT inaonyesha uvimbe tu, haisemi ni nini, hata kovu la TB linaweza kuonekana hivyo. Bila majibu ya nyama (kipande kinachotolewa kwenye uvimbe kikapimwe maabara) hamtaanzishiwa mionzi wala kemo (dawa za saratani), mtakaa gesti mnakula hela. Ombeni rufaa ya Bugando hapo Mwanza, mionzi ipo. Ila damu ikitoka nyingi hamna cha rufaa, kimbizeni emajensi.

Mama Tatu: Mama mkwe alitolewa nyama kwa sindano, tukapewa kichupa tupeleke maabara wenyewe!! Angalieni kimeandikwa jina kabla hamjatoka mlangoni, na fomu ya daktari iende nacho. Ulizeni majibu lini na mfuatilie kwa nani, ukisubiri kupigiwa simu utasubiri sana.

Mkwaju: Na yakitoka kama ni saratani, ulizeni ni ile ya seli ndogo au isiyo ya seli ndogo, matibabu yake hayafanani.

Mleta mada: Asanteni, bima sasa hana.

Dada Neema: Nendeni ustawi wa jamii hapohapo hospitali KABLA hamjalipa, mbebe barua ya mtendaji, mueleze hali halisi. Wanaweza kupunguza au kusamehe. Watu wanauza ng'ombe kwanza ndo wanaulizia ustawi baadaye. Halafu maumivu asivumilie eti anasubiri majibu, kuna morfini ya kunywa, muombeni daktari, na ya kulainisha choo maana inafunga.

Mleta mada: Shangazi anasema morfini ni ya mtu anayekufa.

Dada Neema: Mwambie ni ya mtu anayeumwa. Na huyo mganga asimsimamishe mtu dawa.

Mleta mada: Sawa dada. CT wanataka karatasi au CD?

Mama Tatu: Vyote, na kadi ya TB pia, wasije wakamuanzisha dozi upya.