Nafasi za chuo kikuu zimetoka

Da Mwajuma: Asalaam aleykum ukoo. Tangazo la ajira za vyuo vikuu limetoka. Wanataka wakufunzi wasaidizi, mafundi sanifu maabara, wakutubi, mpaka madereva. Zuhura umeliona?

Zuhura: Waaleykum salaam dada. Nimeliona. Ila watu wanasema hizo nafasi zina wenyewe.

Baba Mkubwa: Hao wanaosema wameomba?

Zuhura: Shikamoo Baba Mkubwa. Kwa kweli sidhani.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Basi usiwasikilize.

Da Mwajuma: GPA yako, yaani wastani wa ufaulu chuoni, si 4.1? Ukufunzi msaidizi chuo cha umma wanataka digrii ya kwanza isiyopungua 3.8 kwa 5. Hapo wengi wameshakatwa, wewe umo. Uhadhiri msaidizi ndio unadai masters, hiyo utaisoma ukiwa ndani.

Mama Mdogo: Kuna kijana hapa steshenari anasema nikimpa elfu hamsini atasukuma faili la Zuhura. Nimpe?

Baba Mkubwa: Usimpe hata mia! Maombi hayalipiwi. Yanaingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, ofisi ya serikali inayosimamia ajira za umma; hakuna faili la kusukuma wala mtu wa kulisukuma.

Mama Mdogo: Haya shemeji, nimesikia. Mtoto kukaa nyumbani kunaniuma jamani.

Da Mwajuma: Tunajua mama. Hiyo hela iwe bando na nauli ya usaili.

Da Mwajuma: Zuhura, kinachowaangusha watu ni nyaraka, GPA wanayo. Barua ya maombi lazima iwe na saini. Kuchapa jina pale chini si saini. Iprinti, saini kwa kalamu, iskani, ndipo upandishe. Na usome vizuri barua inaelekezwa kwa nani: ni Katibu wa Sekretarieti, si Makamu Mkuu wa Chuo. Matokeo ya muda hawapokei, weka cheti chenyewe na transkripti.

Zuhura: Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Salumu, cha form four Salum. Hiyo u moja ina shida?

Da Mwajuma: Ina shida sana. Watu wanarudishwa mlangoni siku ya usaili kwa herufi moja. Kesho asubuhi nenda kwa wakili akuandalie hati ya majina (deed poll) kuonyesha majina yote mawili ni yako, isajiliwe kabisa.

Juma: Shikamooni wakubwa. Da Mwaju, umesema na madereva?

Da Mwajuma: Marahaba. Ndiyo. Leseni yako daraja gani?

Juma: C na E. Form four ninayo, na cheti cha VETA cha udereva.

Da Mwajuma: Basi omba! Wanataka pia uzoefu wa mwaka mmoja bila kusababisha ajali.

Juma: Daladala ya Kihonda ninayoendesha, sijawahi kugusa nayo hata bajaji ya mtu.

Baba Mkubwa: Mwambie tajiri wako akuandikie barua ya kuthibitisha. Umri mwisho 45, bado una nafasi.

Zuhura: Na nikifaulu usaili halafu nafasi zikajaa?

Da Mwajuma: Jina linabaki kwa muda kwenye kanzidata, orodha yao ya waliofaulu; ikitokea nafasi ya fani yako wanakupangia bila kukuita tena. Ndiyo maana nakwambia mchujo wa kuandika usome kweli kweli, mdogo wangu.

Zuhura: Sawa dada. Naanza barua usiku huu, nikimaliza nakutumia uipitie.

Mama Mdogo: Cheti cha kuzaliwa kiko kwangu, Zuhura pita ukichukue kabla hujaenda kwa wakili.

Juma: Mimi nampelekea tajiri hesabu saa mbili. Nitamwomba hiyo barua hapo hapo.